Mjane ameshtakiwa Baraza la Ardhi, upande wa pili una wakili: je, ana haki ya kupewa wakili bure?

Msaidizi wa Kata

Wakuu wa jukwaa la sheria, heshima kwenu.

Mama mmoja mjane, mkoa wa Morogoro, ameletewa samansi ya Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Mleta maombi ni shemeji yake. Anadai kiwanja chenye nyumba ya vyumba vitatu ni eneo la baba yao mzazi aliyefariki 2006, na kwamba jirani aliyemuuzia marehemu mume wa mama huyu mwaka 2007 aliuza kitu kisicho chake. Mume alijenga, wakaishi hapo, akafariki 2021. Thamani iliyotajwa kwenye maombi ni milioni 45. Karatasi zimeandaliwa na wakili, kwa Kiingereza kitupu. Samansi ilipokelewa tarehe 3, leo ni siku ya tisa.

Mama anauza vitumbua stendi. Ada aliyotajiwa na wakili wa hapo mjini hata akiuza meza, jiko na karai haifikii.

Nilivyofundishwa, kwenye kesi ya mauaji mshtakiwa asiye na uwezo hupewa wakili kwa gharama za serikali. Je, kwenye shauri la madai kuna haki kama hiyo? Kama haipo, nani anaruhusiwa kusimama naye? Na mimi kama msaidizi wa kisheria, mwisho wangu ni wapi?

Kalamu ya Utetezi

Mkuu, haki ya kupewa wakili moja kwa moja kwenye madai, kama ile ya mauaji, haipo. Usimpe mama matumaini hayo, maana ataingia barazani akisubiri mwenyekiti amteulie mtu na siku zitamwishia mkononi.

Kilichopo ni Sheria ya Msaada wa Kisheria, Na. 1 ya 2017. Inagusa jinai na madai pia. Kwenye madai inampa jaji au hakimu nafasi ya kuelekeza mhusika apatiwe msaada, akiona mambo mawili yapo pamoja: haki inadai hivyo, na mtu hana uwezo wa kulipia. Lakini anayetoa msaada si serikali yenye mawakili waliokaa wanasubiri. Ni taasisi zilizosajiliwa, na nyingi zina mawakili wachache na mafaili mengi. Kwa hiyo usisubiri kuelekezwa. Mpeleke mama mwenyewe, wiki hii.

Orodha ya waliosajiliwa iko kwa Msajili Msaidizi wa watoa huduma za msaada wa kisheria. Kwenye halmashauri nyingi kofia hiyo amevaa afisa maendeleo ya jamii, kwa hiyo mlango wa kwanza ni huo. Kwa mjane mwenye shauri la ardhi, taasisi kama TAWLA (chama cha wanasheria wanawake), WLAC (kituo cha msaada wa kisheria kwa wanawake) na LHRC (kituo cha sheria na haki za binadamu) zimezoea kabisa aina hii ya kesi. Kampeni ya msaada wa kisheria ya Mama Samia, iliyozinduliwa 2023, ikiwa imepita mkoani kwenu, uliza timu yake iliacha mafaili kwa nani.

Aende na barua ya mtendaji wa kata au mtaa inayosema kipato chake na wanaomtegemea, nakala ya samansi na maombi yote, kitambulisho, na mkataba wa mauziano. Kaya yake ikiwa kwenye TASAF, aambatanishe na ushahidi wa hilo. Barua isiishie kwenye «ni mkazi wangu na hana uwezo». Iseme anauza nini, anaingiza kiasi gani kwa siku, ana watoto wangapi shuleni. Barua yenye maneno mawili hurudishwa, na kuifuata tena kunakula siku tatu ambazo hana.

Na aombe kitu kimoja kilicho wazi. Akisema «naomba wakili» atawekwa foleni. Akisema «naomba kuandaliwa majibu ya maandishi kabla ya tarehe 24, na kusimamiwa kama nafasi ipo», kuna uwezekano mkubwa apate la kwanza siku hiyo hiyo. Wakili anaandaa utetezi kwa saa mbili. Kusimama naye barazani mwaka mzima ndiko kunakoshindikana.

Mzee wa Pingamizi

Naongezea hapo kwenye siku, kwa sababu mashauri mengi ya watu wasio na wakili hufia hapo kabla hata ya shahidi wa kwanza.

Fungua bahasha aliyoletewa uhesabu nyaraka. Mara nyingi mawakili hufungua vitu viwili kwa pamoja: maombi ya msingi, na maombi madogo ya zuio la muda yenye kiapo. Kila kimoja kina namba yake. Mtu anajibu maombi ya msingi vizuri kabisa, ile ya zuio anaiona kama nakala ya ziada, anaiacha. Siku ya kutajwa zuio linatolewa bila kupingwa na mama anazuiwa kupangisha chumba alichokuwa anapata nacho kodi. Maombi ya kiapo hujibiwa kwa kiapo kinzani, kilichoapwa mbele ya kamishna wa viapo, si kwa barua.

Majibu ya maombi ya msingi: angalia siku zilizoandikwa kwenye samansi, kwa kawaida ni 21. Alipokea tarehe 3, siku ya kwanza ni tarehe 4, ya mwisho ni tarehe 24. Apeleke kabla, asivizie siku ya mwisho. Nakala ziwe angalau tatu, moja ya baraza, moja ya mleta maombi, moja yake mwenyewe iliyogongwa muhuri wa kupokelewa na tarehe. Kama kuna ada, alipe siku hiyo hiyo na atunze risiti, kwa sababu nyaraka huhesabika imewasilishwa siku ada ilipolipwa. Mtu anaacha karatasi masijala Ijumaa, analipa kontroo namba Jumatano, kumbe amechelewa.

Lugha isimtishe. Tangu marekebisho ya 2021, lugha ya mahakama na mabaraza ni Kiswahili. Ajibu kwa Kiswahili, aya kwa aya, akifuata namba za maombi. Kila aya moja kati ya matatu: nakubali, nakataa na sababu yake, au sina taarifa na mleta maombi athibitishe. Aya isiyojibiwa huchukuliwa kama imekubaliwa. Kuandika hadithi ndefu ya ndoa na msiba, bila kugusa aya za maombi, ndilo kosa ninaloliona likirudiwa kuliko yote.

Sasa kuhusu shauri lenyewe. Kwa ulivyolieleza, lina matundu manne ambayo wakili yeyote angeanza nayo.

La kwanza, shemeji anadai kwa kofia gani? Kama eneo ni la marehemu baba yake, mwenye haki ya kulidai ni msimamizi wa mirathi ya baba, aliyeteuliwa na mahakama. Kuwa mtoto wa marehemu hakutoshi, na muhtasari wa kikao cha ukoo hautoshi. Tafuta kwenye viambatanisho hati ya usimamizi. Kama haipo, hilo ni pingamizi la awali.

La pili ni upande wa mama. Aliyenunua ni mume, naye ni marehemu. Kama kiwanja kiko kwa jina la mume peke yake, anayepaswa kushtakiwa ni msimamizi wa mirathi ya mume. Je, mirathi ilifunguliwa? Kama mama hakuteuliwa, maombi yamemshika mtu asiye sahihi. Ila uwe makini, hoja hii ina ncha mbili: siku mama akitaka kudai kama mmiliki kwa niaba ya marehemu, ataulizwa hati hiyo hiyo. Aanze kufungua mirathi sasa. Mahakama ya mwanzo inaweza kushughulikia mirathi inayofuata sheria ya mila au ya Kiislamu. Akishateuliwa, ana miezi minne ya kuwasilisha orodha ya mali na hesabu, na watu wengi hulisahau hilo.

La tatu, jirani aliyeuza hayumo. Kwenye Juma Kadala dhidi ya Laurent Mnkande, 1983, mahakama ilisema anayedai ardhi iliyouzwa kwa mtu mwingine amshtaki mnunuzi pamoja na muuzaji. Hukumu hiyo bado inatajwa kila wiki. Na hata kama baraza litaamua kumuunganisha tu muuzaji badala ya kufuta maombi, mama amefaidika, maana muuzaji akiingia ndiye atakayebeba mzigo wa kueleza alipataje eneo.

La nne, ukomo. Madai ya kurudisha ardhi yana miaka 12. Kwa ardhi ya marehemu aliyekuwa ameishikilia hadi kufa kwake, muda huanza kuhesabiwa siku ya kifo. Kutoka 2006 unafika 2018. Hata ukihesabu kutoka mauziano ya 2007, ni 2019.

Tahadhari hapa. Pingamizi la awali ni hoja ya sheria tupu, inayoonekana kwenye maombi yenyewe. Kanuni hii ni ya Mukisa Biscuit, 1969, na kila mwenyekiti anaijua. Kama kwenye maombi shemeji ameandika mwenyewe kwamba baba alifariki 2006 na eneo likauzwa 2007, ukomo unasimama kama pingamizi. Kama hakuandika na unahitaji shahidi kuthibitisha tarehe, litakataliwa kama pingamizi. Liweke kwenye aya za utetezi ulithibitishe kwa ushahidi.

Msaidizi wa Kata

Nimeshukuru sana Mzee. Nimerudi kwenye bahasha: kweli kuna maombi madogo ya zuio, mama alidhani ni nakala. Hati ya usimamizi haimo. Pia sioni cheti chochote kutoka baraza la kata, na mama anasema hakuwahi kuitwa huko. Ana kijana wa miaka 24 anayejieleza vizuri. Je, anaweza kusimama?

Bi Masijala

Anaweza. Sheria ya Mahakama za Migogoro ya Ardhi inaruhusu mhusika mbele ya baraza la wilaya kufika mwenyewe, kwa wakili, kwa ndugu, au kwa mtu wa kaya yake. Mtoto ni ndugu na ni mtu wa kaya. Mama aandike barua fupi kwa mwenyekiti kumtambulisha, yenye namba ya maombi, jina la kijana na uhusiano wao, kisha siku ya kwanza waende wote wawili. Na hata kijana akisimama, mama ndiye shahidi. Kijana hawezi kutoa ushahidi wa mauziano ya 2007, wakati huo alikuwa mtoto mdogo.

Usihamishe kanuni hii ukaipeleka kila mahali, maana kila chombo kina yake. Mahakama ya mwanzo inaweza kumruhusu ndugu au mtu wa kaya kwenye madai, mhusika akiomba. Mawakili walikuwa hawaruhusiwi kabisa mahakama ya mwanzo hadi marekebisho ya 2021, na sasa wanaruhusiwa pale inapoendeshwa na hakimu mkazi. CMA, yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ya migogoro ya kazi, mfanyakazi anaweza kwenda na kiongozi wa chama chake, wakili, au mwakilishi aliyemchagua. Mahakama ya wilaya ndiko mlango unakobana: ni mwenyewe au wakili, na ile njia ya hati ya uwakilishi huwekewa masharti, hasa ikionekana mhusika yupo hapo hapo mjini na ni mzima.

Kuhusu cheti cha kata. Tangu 2021 mabaraza ya kata hayaamui tena migogoro ya ardhi, yanasuluhisha tu. Baraza la wilaya halipaswi kusikiliza hadi kata ithibitishe kwamba usuluhishi umeshindikana. Kata ikikaa siku 30 bila kusuluhisha, mdai anaweza kwenda wilayani bila cheti, lakini lazima awe ameanzia huko. Mama kama hakuitwa kata, hilo ni tundu la tano. Muulize mtendaji kama kuna shauri lilifunguliwa, na apewe jibu kwa maandishi lenye muhuri.

Kwako wewe msaidizi: elimu, kumwelekeza chombo sahihi, kumsaidia kupata nyaraka, kumweleza taratibu, kuwashauri wapatane. Hayo ni yako. Kusimama barazani si kwako, na kumtoza hata nauli ya «kushughulikia» kunakuharibia usajili. Karatasi inayokwenda barazani lazima iwe na jina na anwani ya aliyeiandaa. Mama akiandika kwa mkono wake, mwisho wa karatasi iandikwe «imeandaliwa na kuwasilishwa na mjibu maombi mwenyewe», na asaini yeye. Mkono wake ukiwa mbaya, si tatizo la kisheria.

Na mlinde na vishoka, yaani mawakili bandia. Wanakaa karibu na geti la baraza na begi, wanavaa tai kuliko mawakili wenyewe, wanaandika utetezi kwa elfu hamsini bila kuweka jina. Nyaraka isiyo na jina la aliyeiandaa masijala inaweza kuikataa, na ikipita, wakili wa upande wa pili ataiona kabla hajakaa kitini. Jina la wakili wa kweli utalikuta kwenye mfumo wa e-Wakili wa Mahakama, pamoja na kama leseni yake ya mwaka huu iko hai.

Ng'ambo ya Mto

Wakuu, mbona mnakubali kirahisi kwamba haki haipo? Ibara ya 13(6)(a) ya Katiba inasema mtu ana haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu. Mama wa vitumbua dhidi ya wakili aliyesomea, hapo kuna ukamilifu gani? Marekani kila mtu anapewa wakili.

Kalamu ya Utetezi

Marekani ya kwenye filamu, ndiyo. Maneno yale ya polisi wakati wa kukamata yanahusu jinai. Gideon dhidi ya Wainwright, 1963, ilikuwa kesi ya jinai. Lilipofika suala la madai, kwenye Lassiter, 1981, mahakama yao kuu kabisa iligawanyika watano kwa wanne na kukataa kwamba mzazi anayenyang'anywa mtoto lazima apewe wakili kila mara. Ikasema itazamwe kesi kwa kesi. Kwenye kufukuzwa nyumba, majiji machache ndiyo yaliyoweka haki hiyo kwa sheria zao wenyewe, New York ikiwa ya kwanza 2017.

Ulaya walisogea kidogo: Airey dhidi ya Ireland, 1979, mahakama ya haki za binadamu ilisema nchi haiwezi kumwacha mwanamke asiye na uwezo peke yake kwenye shauri gumu la kutengana na mumewe Mahakama Kuu. Lakini nayo haikusema kila shauri la madai lina wakili wa bure. Kenya, Ibara ya 50 ya Katiba ya 2010 inamtaja mshtakiwa wa jinai. Upande wa madai wanategemea Ibara ya 48 ya kufikia haki, na sheria yao ya msaada wa kisheria ya 2016. Zanzibar wana sheria yao ya 2018.

Hoja yako ya Ibara ya 13 ni nzuri, na siku moja mtu aipeleke Mahakama Kuu ikaamuliwe. Lakini mama ana siku 12 zilizobaki. Hoja ya Katiba haimsimamishii saa. Akiitumia, aitumie hivi: kwenye kuomba ahirisho la kupata msaada wa kisheria, aseme anaomba nafasi ya kusikilizwa kikamilifu, akiwa na barua ya mtoa huduma inayoonyesha faili lake linashughulikiwa. Ahirisho la namna hiyo likiombwa mara moja, kwa barua, mwenyekiti hulitoa. Likiombwa mara ya tatu kwa mdomo, shauri litaendelea.

Mzee wa Pingamizi

Na asithubutu kutofika kwa sababu bado hajapata wakili. Asipofika na samansi ilimfikia, litasikilizwa upande mmoja. Likishatokea hilo ana siku 30 za kuomba amri hiyo itenguliwe, na «sikuwa na wakili» si sababu. «Nililazwa», na karatasi ya hospitali ya tarehe hiyo, ni sababu.

Akifika kwenye usikilizwaji bila wakili, mambo matatu humwangusha.

Mkataba wa mauziano wa 2007 utapingwa kama haujalipiwa ushuru wa stempu. Usingoje upingwe. Upelekwe TRA mapema, ulipiwe pamoja na adhabu ya kuchelewa, maana bila stempu haupokelewi kama kielelezo. Aende na nakala halisi, siyo fotokopi. Mwenye kuutoa ni mtu anayeufahamu: mama kama alikuwepo akasaini, au shahidi aliyesaini. Aombe kwa maneno haya haya, «naomba mkataba huu upokelewe kama kielelezo», kisha ukipokelewa, usomwe kwa sauti. Watu huuambatanisha kwenye utetezi, wakaamini umeshaingia. Kiambatanisho si kielelezo.

Kuhoji shahidi. Shahidi wa shemeji akisema «mzee alilima hapo hadi kifo chake» na mama akasema «sina swali», maneno hayo huchukuliwa kama hayapingwi. Akae na daftari. Kila jambo asilokubaliana nalo aliandike, kisha aulize swali fupi: ulikuwa unaishi wapi 2006? Mpaka wa kusini umepakana na nani? Ulimwona nani akijenga 2007, na ulimwambia nini? Mama huwa anataka kumjibu shahidi, anaanza kueleza upande wake. Mwenyekiti atamkatiza, atachanganyikiwa, atakaa chini. Kijana wake amfanyishe mazoezi nyumbani, yeye awe shemeji.

Tatu ni kutembelea eneo. Baraza likiamua kwenda kuona kiwanja, ajiandae kuchangia usafiri, na watoa msaada wengi hawalipii hilo. Awepo na majirani wa mipaka yote, kwa sababu kinachoonyeshwa pale ndicho kitakachoandikwa.

Matokeo yakiwa mabaya, rufaa Mahakama Kuu ni ndani ya siku 45. Aombe nakala ya hukumu na mwenendo kwa barua siku ile ile inayosomwa, na nakala ya barua hiyo igongwe muhuri.

Msaidizi wa Kata

Nimeelewa. Kesho asubuhi tunaanzia kwa afisa maendeleo ya jamii, kiapo kinzani kwanza, majibu pili. Swali la mwisho: kijana naye ana kibanda pale stendi. Siku za kutajwa tu, pasipo kusikilizwa, mama anaweza kwenda peke yake?

Bi Masijala

Anaweza. Aingie kabla namba haijaitwa, aandike jina lake kwa karani, na asitoke bila kuandika tarehe inayofuata kwa mkono wake mwenyewe. Asitegemee kuambiwa na wakili wa upande wa pili, hata kama ni mpole.